Muulize Fundi wa Mawe: Msalaba usio na mikono

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, natunza wazee kwenye kijiji kimoja cha Somerset, Uingereza. Katikati ya kijiji, njia zinapokutana, pana ngazi nne za mawe. Juu yake limekaa jiwe kubwa lenye pembe nane, na juu ya jiwe hilo imesimama nguzo ya kimo cha mtu mzima, imekatika juu. Basi, hakuna kingine. Wenyeji wanauita msalaba, na hata kwenye ramani umeandikwa msalaba, kwa herufi za kizamani zisizofanana na nyingine. Mwanangu wa kiume ameniuliza, "Mama, mikono yake iko wapi?" Nikakosa jibu.

Sasa halmashauri ya kijiji imetangaza siku ya kuusafisha. Wanaleta mashine ya maji ya presha na brashi za waya, na bwana mmoja amejitolea mfuko wa saruji wa kuzibia nyufa. Nami nimejiandikisha kusaidia, ila moyo unasita. Je, kweli huo ulikuwa msalaba? Tukiusafisha tunautendea wema? Na watoto wakikaa kwenye ngazi zake, ni makosa?

*Mama wa Wawili, Somerset*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, maana siku imeshatangazwa: izuie hiyo mashine. Nenda kwa karani wa halmashauri hata leo jioni, umwombe kwa upole asubiri. Brashi za waya zirudi stoo. Mwenye mfuko wa saruji mshukuru kwa moyo wake wa kutoa, kisha mwombe aurudishe nyumbani. Nitakueleza sababu, lakini maelezo yasikucheleweshe. Ukimaliza kusoma aya hii unaweza kwenda kwanza, ukarudi baadaye.

Ndiyo, ulikuwa msalaba. Misalaba ya namna hiyo ilisimamishwa kwa wingi Uingereza katika karne ya 14 na ya 15, na Somerset ni kati ya sehemu zilizobakiwa na mingi. Kwa ulivyouelezea nauona kabisa. Ngazi ni za kuinua msalaba uonekane kutoka mbali. Lile jiwe la pembe nane mimi naliita jiwe la tundu. Ukilitazama vizuri pengine utakuta chini ni mraba, na zile pembe nane zinaanzia juu, kona zikiwa zimechongwa kwa mteremko ili umbo moja liingie katika jingine bila kukatika ghafla. Hapo ndipo mwashi alipoonyesha ufundi wake, ingawa watu wanaliruka na kuitazama nguzo. Katikati ya jiwe hilo pana shimo. Nguzo ina ulimi kwa chini, na ulimi unaingia shimoni kama seremala anavyounga mguu wa meza. Kisha huyeyushwa madini ya risasi, ikamiminwa kuuzunguka. Risasi ikipoa inashika barabara, lakini inabaki laini kidogo, hivyo upepo ukiisukuma nguzo pana kitu cha kupokea ule msukumo kabla haujafika kwenye jiwe.

Kichwa kilikaa juu kabisa. Mwambie mwanao kwamba si kila kichwa kilikuwa na mikono miwili iliyonyooka. Mara nyingi kilikuwa kama kijumba kidogo cha mawe chenye paa, mfano wa taa ya kutundika, na ndani yake mmechongwa sura: upande mmoja Kristo msalabani, upande wa pili Bikira Maria na Mtoto. Kwingine kilikuwa msalaba kamili, sura zikiwa pande zake mbili. Pale Wheston, Derbyshire, umebaki mmoja wa namna hiyo. Watu walikusanyika kwenye misalaba hii kusikiliza mahubiri na matangazo, kuuza siagi na mayai, kupatana bei. Ile iliyokuwa uani mwa kanisa ilikuwa kituo cha maandamano ya Jumapili ya Matawi.

Sasa, kichwa cha wenu kilikwenda wapi? Kwa vijiji vingi jibu ni vurugu za dini. Katika Matengenezo ya Kanisa, karne ya 16, sanamu zilianza kuvunjwa. Karne iliyofuata, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lilitoa amri mwezi Agosti 1643 kwamba misalaba, sanamu za Utatu na za Bikira Maria ziondolewe na kuharibiwa makanisani, viwanjani mwa makanisa na mahali pengine pa wazi, na likaweka siku ya mwisho: tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Watu walipanda na nyundo. Kichwa kilikuwa na sura za watakatifu, basi kikashushwa. Nguzo haikuwa na sura ya mtu, wengi wakaiacha, na ngazi nani angejisumbua kuzing'oa wakati zinafaa kukaliwa? Ndiyo sababu leo unakuta mamia ya misalaba Uingereza yenye ngazi, jiwe la tundu na kipande cha nguzo, bila kichwa. Na mingine, tuseme kweli, ilivunjwa na gari la farasi lililokata kona vibaya, au na baridi tu.

Hizo herufi za ramani nazo zina maana. Wachora ramani wa Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, wana desturi ya kuandika mambo ya kale kwa herufi za Kigothi, ili msafiri akiona tu neno limevaa mtindo huo ajue yuko karibu na kitu cha zamani. Mwonyeshe mwanao atafute mengine kwenye ramani hiyohiyo. Atashangaa jinsi yalivyo mengi.

Tuje kwenye usafi. Nenda pale asubuhi moja mvua ikiwa imetoka kunyesha, uinamishe uso karibu na nguzo kama unayesoma maandishi madogo. Mawe ya Somerset yana sura zake. Kama ni jiwe la Ham Hill, rangi yake ni ya asali, na utaona mistari ya vipande vya makombe ya baharini imechomoza kidogo, kwa sababu mistari hiyo ni migumu na ule ulaini ulio katikati umeshaondoka. Kama ni jiwe la Doulting, lile lililojenga kanisa kuu la Wells, ni jeupe kidogo, na upande usiopigwa na mvua huota gamba jeusi. Yote mawili ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua yana asidi hafifu, na asidi inaiyeyusha chokaa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Moshi wa makaa ya mawe uliongeza ukali huo kwa zaidi ya miaka 100: salfa yake ikikutana na chokaa inazaa jasi, na hilo gamba jeusi ni jasi iliyonasa masizi. Halafu kuna baridi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yakigandia ndani ya ufa hayana pa kwenda, hivyo yanasukuma. Usiku mmoja hautaona kitu. Lakini zipitishe baridi za miaka 600.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jiwe lililochakaa ni kama ngozi ya mzee. Linaonekana gumu, kumbe sehemu ya juu imelegea, na chini ya juu hiyo ndipo penye uzima. Maji ya presha yanaing'oa hiyo ngozi kwa dakika mbili. Watu watapiga makofi, maana jiwe litang'aa kama limekatwa jana, na chini sakafuni kutakuwa na tope la rangi ya asali. Tope hilo ndilo alama za patasi ya yule mwashi wa mwaka 1400 na kitu. Hazirudi tena. Brashi ya waya inafanya hivyohivyo polepole, na inaacha vijiuzi vya chuma vinavyopata kutu na kutia madoa.

Yale madoa ya kijivu, ya manjano na ya rangi ya chungwa ambayo halmashauri inayaita uchafu ni viumbe hai, laikeni. Baadhi yao hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Doa lenye upana wa kiganja chako huenda lilianza kabla mzee unayemtunza kazini hajazaliwa. Mengi hayalidhuru jiwe kiasi cha kuyahangaikia. Ukiyabandua unaondoka na chembe za jiwe zilizoshikamana nayo. Yaache.

Saruji sasa. Hapa sisemi ya kusikia. Nilipokuwa kijana, bado najifunza kazi, nilipelekwa kwenye msalaba wa kijiji kimoja kuziba upenyo kati ya nguzo na jiwe la tundu. Nilikoroga saruji, nikaijaza, nikailainisha kwa mwiko na kuipigia mteremko mzuri wa kumwaga maji. Niliondoka nimeridhika. Saruji ya aina hii iliandikiwa hataza mwaka 1824, na yule aliyeusimamisha msalaba alitumia chokaa na risasi, lakini mimi wakati ule sikuona tofauti. Niliona upenyo na nikaona dawa yake. Baada ya miaka kadhaa nilirudi kijijini hapo kwa kazi nyingine. Saruji yangu ilikuwa nzima, haina hata ufa. Jiwe la kuizunguka lilikuwa limekwisha. Maji yaliyokuwa yakitokea kwenye upenyo yalizuiwa na saruji, yakatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, baridi ikayakutia humo, na jiwe likabanduka tabaka kwa tabaka. Saruji ilibaki imesimama kama ukingo wa sahani, pembeni yake pana shimo nililoweza kutia vidole vinne.

Nilirudi kuitoa kwa patasi nyembamba, siku nne nzima, nikigonga kwa uzito wa nyundo peke yake bila kuongeza nguvu ya mkono. Siku ya tatu nilifika kwenye risasi ya zamani. Niliikwaruza kwa ukucha, ikang'aa. Ilikuwa bado imeshika nguzo sawasawa. Msalaba ule haukuwa na shida yoyote niliyokuja kuitibu mara ya kwanza. Tangu siku hiyo mfuko wa saruji hauingii kwenye gari langu nikienda kwenye jiwe la kale, na nikiandika habari hii mkono bado unakuwa mzito.

Kama nyufa zenu kweli zinahitaji kuzibwa, zitazibwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na inaruhusu maji kupita. Chokaa ndiyo iharibike kwa niaba ya jiwe. Baada ya miaka unaikwangua na kuweka nyingine. Na kazi hiyo ifanywe na mtu aliyezoea chokaa, wakati usio na baridi ya kugandisha.

Pia iko sheria, na hii itakusaidia mbele ya halmashauri kuliko maneno yangu yote. Misalaba mingi ya namna hii imeorodheshwa. Orodha ya taifa ya turathi za Uingereza inatunzwa na taasisi ya Historic England, iko kwenye intaneti, haina malipo. Andika jina la kijiji utaona. Msalaba ukiwa kwenye orodha ya kumbukumbu za kale zinazolindwa, sheria ya mwaka 1979 inataka kibali cha serikali kabla ya kazi, hata kama kazi yenyewe ni kukarabati. Kuharibu, au kukarabati bila kibali, ni kosa la jinai, na nia njema haifuti kosa. Ukiwa umeorodheshwa kama jengo, basi muulizeni ofisa wa turathi wa halmashauri ya wilaya. Ungekuwa uani mwa kanisa, Kanisa la Uingereza lina kibali chake. Chapisha ukurasa wa orodha, umpelekee karani. Makarani wa vijiji ni watu waangalifu. Akiiona karatasi ataiahirisha siku hiyo mwenyewe.

Ila usiwavunje moyo waliojiandikisha. Watu wakiupenda mnara wa kijiji chao kiasi cha kutoa Jumamosi yao, hiyo ni mali. Wape kazi. Nyasi za kuzunguka ngazi zikatwe kwa mkasi, kwa sababu mashine ya uzi inachapa jiwe kila wiki na kuacha mstari mweupe chini. Katazame, naamini mstari upo. Kama pana mmea wa kutambaa umeshikilia nguzo, ukatwe shina chini na kuachwa ukauke wenyewe, usivutwe. Kama pipa la chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji liko jirani na msalaba, andikeni barua lihamishwe: chumvi ikiingia kwenye jiwe na kukauka huunda fuwele ndani yake, na jiwe linageuka unga. Nimeona jiwe la tundu ambalo upande wa barabara ungeuchota kwa kijiko, na upande wa pili ulikuwa bado na ncha kali. Na mmoja wenu mwenye simu nzuri aupige picha pande zote nne, rula ikiwa imesimamishwa kando, kila mwaka mwezi uleule. Baada ya miaka kumi hizo picha zitamwambia mtaalamu ni wapi panaliwa na kwa kasi gani. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo mnayoweza kuupa.

Watoto wakae. Ngazi hizo zimekaliwa tangu zilipowekwa, na ile sehemu iliyobonyea katikati ni kazi ya miguu na makalio ya watu wa kijiji hicho. Wasiikumbatie nguzo na kuipanda, kwa usalama wao na wake. Na mwanao akiuliza tena mikono iko wapi, mpeleke akatazame kuta za zamani za kanisa na za mashamba. Mawe yaliyovunjwa hayakutupwa siku zile. Yalijengewa.

SWALI

Fundi, salaam. Mimi ni dereva wa lori. Nilisimama Geddington, Northamptonshire, kunywa chai, nikaona katikati ya kijiji mnara mwembamba wa pembetatu umejaa maua yaliyochongwa, na kina mama watatu wa mawe juu wakiangalia pande tatu. Nikaambiwa ni msalaba. Msalaba gani huo? Na hao kina mama watatu ni akina nani?

*Dereva, Leicester*

JIBU

Ni mama mmoja, ndugu yangu, amechongwa mara tatu. Ni Malkia Eleanor, mke wa Mfalme Edward I. Alifariki Harby, karibu na Lincoln, tarehe 28 Novemba 1290. Mfalme aliupeleka mwili wake Westminster kwa mwendo wa siku nyingi, kisha akaamuru kila mahali jeneza lilipolala usiku pajengwe msalaba. Ilijengwa 12. Imebaki mitatu: huo wa Geddington, wa Hardingstone nje ya Northampton, na wa Waltham Cross. Ule wa Cheapside, London, ulibomolewa Mei 1643, na wa Charing mwaka 1647. Unaouona leo mbele ya stesheni ya Charing Cross ni wa miaka ya 1860. Ukipita pale, ujue kwamba wa kwanza ulisimama penye sanamu ya Mfalme Charles I juu ya farasi, na ni hapo umbali wa kufika London hupimiwa. Wewe unayehesabu maili kila siku, unahesabu kuelekea kwenye msalaba usiokuwapo.

Jina la msalaba lilitokana na kile kilichokuwa kileleni. Cha Geddington nacho kimepotea, lakini sehemu iliyobaki ni nzima kuliko ile miwili mingine. Ukipata safari ya njia hiyo tena, fika jua likiwa chini. Utaona kwamba maua hayo yamefunika kila shibri ya ukuta, na hakuna waliyoyaacha bila kuyamaliza, hata yale ya juu ambayo mtu aliye chini hawezi kuyaona sawasawa. Mfalme alikuwa amefiwa, na waashi walilijua hilo.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Ninasoma chuo huku Carlisle. Nataka kwenda Bewcastle kutazama ule msalaba wa kale wenye maandishi ya runi, zile herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya. Rafiki yangu kaniambia nichukue karatasi kubwa na kalamu ya nta, niibandike juu ya jiwe na kusugua, maandishi yatatokea. Ni sawa?

*Mwanafunzi, Carlisle*

JIBU

Marahaba. Karatasi iache bwenini, mwanangu, kuna njia bora, na kwa Bewcastle nakusihi sana. Nguzo hiyo imesimama nje, mvuani, kwa karibu miaka 1,300. Ni jiwe la mchanga: chembe za mchanga zilizoshikana, na mkono unaosugua unaziachanisha. Kila anayesugua anaondoka na kidogo.

Acha nikuambie utakachokikuta, ujiandae. Ni kijiji kidogo mno, kanisa limejengwa ndani ya ngome ya zamani ya Warumi, na msalaba uko uani. Urefu wake ni kama mita 4.4, kichwa hakipo. Upande wa magharibi utamwona Yohane Mbatizaji amebeba mwanakondoo, chini yake Kristo amesimama juu ya wanyama wawili, na chini kabisa mtu mwenye ndege mkubwa, ambaye wataalamu hawajaacha kumbishania. Upande wa mashariki ni mzabibu mmoja unaopanda kutoka chini mpaka juu, na ndani ya vikonyo vyake wamo ndege na wanyama wanakula zabibu. Mimi huanzia huko. Kusini kuna saa ya kivuli imechongwa kati ya majani, mojawapo ya saa kongwe zaidi zilizobaki Uingereza. Fikiria: tundu la kijiti bado lipo, mistari bado ipo.

Runi ziko magharibi na kaskazini. Jina la Yesu Kristo juu ya sura yake linasomeka, na kaskazini jina la mwanamke, Cyneburh. Maandishi marefu ya upande wa magharibi yameliwa kiasi kwamba wasomaji wake wamekuwa wakitoa usomaji tofauti kwa vizazi. Hapo ndipo utakapotaka kusugua, na hapo ndipo usithubutu.

Fanya hivi. Nenda mwishoni mwa alasiri, siku isiyo na mvua, na rafiki mmoja. Chukua tochi yenye nguvu. Kukianza kuwa giza, mwambie rafiki aishike pembeni kabisa ya jiwe, mwanga ulilambe jiwe kwa ubavu badala ya kulipiga usoni. Mchoro wowote wenye kina hata cha unywele utatupa kivuli. Mwambie aizungushe polepole, kwanza kutoka kushoto, kisha juu, kisha kulia, wewe ukipiga picha bila kusogea. Herufi iliyojificha kwenye mwanga wa kushoto inajitokeza kwenye mwanga wa juu. Mara ya kwanza nilipofanyiwa hivyo na fundi aliyenifundisha, nilikuwa nimelitazama jiwe hilo mchana mzima nikiamini halina kitu upande ule. Aliwasha tochi, mkunjo wa nguo ukatokea, kisha kidole cha mguu.

Ukiwa na siku nyingine, vuka mpaka uende Ruthwell, Uskoti, ukaone ndugu yake. Ule una kimo cha mita 5.5 hivi, na runi zake zinasomeka zaidi, licha ya misukosuko iliyoupata. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti uliamuru mwaka 1640 minara ya namna hiyo ibomolewe, ukavunjwa vipande. Mchungaji wa hapo, Henry Duncan, yuleyule aliyeanzisha benki ya akiba kijijini mwaka 1810, alivikusanya vipande na mwaka 1823 akausimamisha kwenye bustani yake. Mwaka 1887 ukaingizwa kanisani, umejengewa mahali pake, na huko uko mpaka leo, mkavu. Kwenye kingo zake pameandikwa maneno ya shairi la Kiingereza cha kale ambamo mti wa msalaba wenyewe unasema: Kristo alikuwa juu yangu, mimi nilitetemeka, sikuthubutu kuinama. Simama mbele yake uzitafute hizo runi kwa macho. Halafu tazama juu, kwenye mikono. Hiyo si ya zamani. Duncan aliiweka kwa sababu ya asili haikupatikana, na ukisogea utaona jiwe lake lina sura nyingine kabisa.

Nitumie picha ulizopiga Bewcastle, hasa za mwanga wa kutoka juu. Pana herufi moja kaskazini ninayotaka kuitazama tena.